Vazi la Mhusika

Katika miji mingi ya dunia, na siku hizi hata Nairobi, wako vijana ambao hukaa miezi wakikata vitambaa, wakibandika maboksi na kupaka rangi, ili siku moja wavae kama mtu ambaye hakupata kuzaliwa. Mtu huyo hukaa kitabuni, au katika filamu, au katika katuni. Siku ya mkutano inapofika, mmoja huja na joho la mchawi, wa pili na deraya ya shujaa, wa tatu na masikio ya jini. Hutembea, hupigwa picha, hushindanishwa. Kisha hurudi nyumbani na kuzivua nguo hizo. Mchezo huu huitwa kosplei.

Msomaji wa Garissa, Wajir au Mandera, ukilisikia jambo hili huenda ukasema maneno mawili. La kwanza, kwamba huu ni upuuzi wa watu walioshiba. La pili, kwamba ni desturi ya kigeni isiyotuhusu sisi. La kwanza tutalipima pole pole. La pili nalikanusha tangu sasa. Watu wa Afrika ya Mashariki walijivika nguo za watu wengine, kwa ustadi na kwa fahari, kabla jina la kosplei halijatungwa; na yaliyowapata katika mchezo huo yana mafunzo kwako wewe ukaaye ukingoni mwa mto Tana.

Yafaa kwanza tuujue ukoo wa mchezo huu ng'ambo. Katika mwaka wa 1871 Mwingereza Edward Bulwer-Lytton alitoa hadithi ya taifa lenye nguvu za ajabu liishilo chini ya ardhi. Miaka 20 baadaye, mwezi wa Machi 1891, watu walikusanyika katika jumba la Royal Albert Hall, London, wamevaa kama wahusika wa hadithi hiyo. Mkutano ule ulikusudiwa kuchangia hospitali, lakini ukamletea hasara aliyeuandaa. Mwaka wa 1939 wapenzi wa hadithi za sayansi walifanya mkutano wao wa kwanza wa dunia mjini New York. Watu wawili walihudhuria katika mavazi ya siku zijazo, yaliyotokana na filamu ya mwaka wa 1936: Forrest J Ackerman na Myrtle R. Douglas, aliyejulikana zaidi kwa jina la Morojo. Mavazi yote mawili yalibuniwa na kushonwa na mwanamke huyo. Mwaka uliofuata, katika mkutano wa Chicago, watu wengi waliiga mfano wao. Mikutano ya Tokyo ya wapenzi wa katuni ilianza mwaka wa 1975. Na katika miaka ya 1980 mwandishi Mjapani, Takahashi Nobuyuki, akautungia mchezo jina kwa kufupisha maneno mawili ya Kiingereza yenye maana ya vazi na mchezo.

Sasa turudi kwetu. Katika miaka ile ile ya 1890, Waingereza wa London walipokuwa wakijivika nguo za taifa la hadithi, vijana wa Mombasa na Lamu walikuwa wakianzisha ngoma mpya. Ngoma hiyo iliitwa beni, neno lililotoka katika Kiingereza kwa maana ya kundi la wapiga tarumbeta na ngoma za kijeshi. Wachezaji walivaa suti nyeupe, kofia za makapteni na nishani kifuani. Walipanga safu, wakageuka kwa amri, wakapita barabarani kwa hatua za gwaride. Kila chama kilikuwa na vyeo vyake: mfalme, jemadari, amirali, daktari. Mombasa vyama vikubwa vilikuwa Kingi na Skochi. Hawa wa pili walichukua mfano wa askari wa Uskoti. Katika Tanganyika walikuwapo Marini na Arinoti, na ushindani wao ulijulikana kutoka pwani hata bara. Wanawake nao walikuwa na vyama vyao vya lelemama, navyo vilikuwa na vyeo, sare na mahasimu kama vya wanaume.

Mtu aweza kusema kwamba mfano huu hautoshi, kwa kuwa mchezaji wa beni alimwiga afisa wa kweli aliyemwona kwa macho, ilhali mchezaji wa kosplei humwiga mtu wa hadithi. Neno hilo lina haki. Walakini, jiulize: kijana wa Mombasa, mchukuzi wa bandarini, aliyeitwa amirali siku ya ngoma, alikuwa amirali wa meli gani? Hapakuwa na meli. Palikuwa na hadithi waliyoitunga yeye na wenzake, hadithi ya nchi ambayo ndani yake mchukuzi ni amirali na fundi cherehani ni mfalme. Na nguo zilikuwa mlango wa kuingilia katika nchi hiyo. Hilo ndilo moyo wa mchezo wote, wa kale na wa sasa.

Yako makosa mawili ambayo watu wengi huyafanya wanapoieleza beni. Kosa la kwanza ni kusema kwamba wachezaji walimhusudu Mzungu tu, wakamwiga kama kasuku. Kosa la pili ni kusema kwamba walimdhihaki tu. Kweli imo katikati, nayo ni pana zaidi. Wachezaji walitazama mahali nguvu ilipokaa, wakaona kwamba imekaa katika gwaride, katika cheo na katika kofia. Basi wakavichukua vitu hivyo, wakavishona upya kwa mikono yao, wakavitumia kwa kazi yao wenyewe. Na kazi hiyo haikuwa kucheza tu. Chama cha beni kilitoza ada, kiliwapokea wageni mjini, kilimsaidia mwanachama mgonjwa, na alipofiwa kilimsaidia kuzika. Mtu aliyefika mjini peke yake, asiye na ndugu wala jirani, alipata katika chama watu wa kumwuliza hali.

Vita vya 1914 hata 1918 viliieneza ngoma hii. Askari na wapagazi waliochukuliwa kwa maelfu kubeba mizigo ya majeshi walikutana kambini, wakafundishana, na waliosalimika wakarudi nayo makwao. Jina la kikosi cha wapagazi limesalia katika mitaa ya Kariakoo ya Dar es Salaam na Kariokor ya Nairobi; na ngoma yao ilisalia mbali zaidi, hata Nyasaland na Rhodesia ya Kaskazini, nchi ambazo leo ni Malawi na Zambia. Hapo serikali zilianza kuitazama kwa jicho la wasiwasi. Wachimba shaba wa Rhodesia ya Kaskazini walipogoma mwaka wa 1935, na wachimbaji sita wakauawa kwa risasi huko Luanshya, tume iliyoundwa kuchunguza ilichunguza pia chama cha ngoma kilichoitwa Mbeni. Jambo hili litie moyoni. Mwenye mamlaka wa kweli alimwona mwenye mamlaka wa mchezo, akaingiwa na hofu. Aliona, pengine kuliko wachezaji wenyewe, kwamba mtu akizoea kuvaa cheo siku moja, siku nyingine huuliza kwa nini asikivae siku zote.

Walakini historia haiandikwi kwa sifa peke yake. Beni ilikuwa na dosari, na kubwa kati yake ni israfu. Chama kimoja kikichinja, mahasimu wao hutaka kuchinja zaidi. Hawa wakishona suti mpya, wale hushona mbili. Lamu hasa, ushindani wa mitaa ulikula mali nyingi, na wazee wengi walilalamika kwamba vijana wanatia moto akiba za nyumba zao. Malalamiko hayo hayakuwa wivu wa uzee. Wahenga walituonya kwamba nguo ya kuazima haisitiri maungo. Na nguo iliyoshonwa kwa deni, ingawa ni mpya, ni ya kuazima pia. Hapa ndipo lile neno la upuuzi linapopata nguvu yake. Mchezo wa mavazi si upuuzi. Kuuza mbuzi wa mama ili upate mavazi ya siku moja ndiko upuuzi.

Sasa tupande na mto. Tana hutoka katika milima ya kati, hupita Garissa, hushuka hata karibu na Kipini na kumwagika baharini. Maji yapitayo chini ya daraja la Garissa ndiyo yafikayo katika nchi ya pwani, nchi jirani na Lamu ya beni. Lakini habari za sare katika sehemu yetu si habari za ngoma, na hapana budi kuzitaja kabla ya kumshauri kijana yeyote juu ya mavazi.

Tangu mwaka wa 1926 nchi hii, iliyoitwa Wilaya ya Mpaka wa Kaskazini, ilikuwa wilaya iliyofungwa. Kuingia na kutoka kulitaka kibali. Mwezi wa Desemba 1963, Kenya ilipokuwa ikisherehekea uhuru wake, hapa ilitangazwa hali ya hatari. Vita vya Shifta vilidumu hata 1967, lakini hali ya hatari haikuondolewa mpaka mwaka wa 1991. Mwezi wa Novemba 1980 mtaa wa Bulla Karatasi mjini Garissa ulichomwa moto na vikosi vya usalama, na wakazi wakakusanywa uwanjani. Habari hizo zimeandikwa katika ripoti ya Tume ya Ukweli, Haki na Maridhiano ya mwaka wa 2013. Na tarehe 2 Aprili 2015 watu wenye silaha wa Al-Shabaab waliingia alfajiri katika Chuo Kikuu cha Garissa, mahali palipokuwa zamani chuo cha ualimu, wakawaua watu 148, wengi wao wanafunzi wa umri ambao wewe utaufikia baada ya miaka michache.

Nimeyataja haya kwa sababu vazi ni neno, na neno moja halina maana moja kila mahali. Mombasa ya mwaka wa 1900, kofia ya afisa kichwani mwa mchukuzi ilichekesha na kufurahisha. Garissa, sare ya askari na uso uliofunikwa huwakumbusha watu mambo ambayo hayachekeshi. Mzee aliyekuwa kijana mwaka wa 1980 hawezi kuitazama bunduki ya mbao kama wewe uitazamavyo. Mwanafunzi aliyenusurika mwaka wa 2015 hawezi kumwona mtu aliyejifunika uso mlangoni akasema, 'Huyu anacheza.' Juu ya hayo, sheria ya Kenya inamkataza raia kuvaa sare za majeshi pasipo idhini. Kwa hiyo kanuni ya kwanza ya mchezo huu katika sehemu yetu na iwe hii: usivae sare ya askari, usibebe mfano wa bunduki, wala usifunike uso mbele ya watu wasiokujua. Hili si jambo la kuwaogopa wenye nguvu. Ni heshima kwa majirani walioumia.

Je, kanuni hiyo ikitiiwa, kunabaki kitu cha kuvaa? Kinabaki kingi, nami nasema kwamba kinabaki kilicho bora.

Tazama yaliyotokea Kisumu mwezi wa Februari 2018. Filamu ya Black Panther, ambayo Lupita Nyong'o alikuwa miongoni mwa waigizaji wake, ilionyeshwa huko. Habari zake ni za nchi ya kubuniwa katika Afrika, iitwayo Wakanda. Mavazi yake yalibuniwa na Mmarekani Ruth E. Carter, aliyepata tuzo ya Oscar kwa kazi hiyo mwaka wa 2019. Naye alichukua mifano katika mataifa mengi ya Afrika, hata wekundu na shanga za Wamaasai. Kisha vijana wa Amerika na Ulaya wakajishonea mavazi hayo kwenye mikutano yao. Fikiri jambo hili. Miaka ya 1890 sisi tuliazima kofia za Ulaya. Leo Ulaya inaazima shanga zetu. Katika kuazimana huku hakuna aibu kwa upande wowote, maadam mwazimaji anajua alichoazima kimetoka wapi na kina maana gani. Aibu ni kuvaa usichokijua.

Basi ukitaka kuingia katika mchezo huu, usianze dukani. Anza na mhusika. Msome, msikilize, muulize bibi yako habari zake. Jua alitaka nini, aliogopa nini, alikufaje. Ndipo ushike mkasi. Boksi la sabuni, gunia, kitambaa cha mtumba, mkeka uliochakaa na gundi ya unga hufanya mambo makubwa. Na mafundi cherehani wa sokoni aghalabu hawamfukuzi kijana aombaye vipande vilivyobaki. Msichana ashikaye sitara asidhani kwamba mchezo umemfungia mlango. Wasichana Waislamu wa Malaysia na Indonesia wameonyesha kwamba hijabu yaweza kushonwa ikawa sehemu ya vazi la mhusika, bila kupunguza mhusika wala hijabu. Na kama hakuna mkutano wa wapenzi wa katuni karibu nawe, yako matamasha ya drama ya shule, ambayo kwayo vijana wa Kenya wamekuwa wakivaa uhusika tangu kabla ya uhuru.

Na mhusika ni nani? Shujaa wa filamu si haramu kwako. Lakini wewe una urithi ambao mtoto wa New York hana. Yupo Igal Shidaad, mwoga mashuhuri wa hadithi za Kisomali, aliyekiona kisiki gizani akadhani ni simba, akakisihi kimwachie uhai wake. Yupo Dhegdheer, mla watu mwenye sikio refu. Sikio hilo tu lamtosha fundi kazi ya juma zima. Yupo Araweelo, malkia aliyewatawala wanaume kwa mkono mzito. Husemwa kwamba mwanamume apitaye kaburini kwake hutupa jiwe, na mwanamke huweka tawi bichi. Ukimvaa Araweelo mbele ya darasa lako, mabishano yatakayozuka yatakuwa somo la historia kuliko kurasa 10 za kitabu.

Ukishuka na mto utamkuta Fumo Liongo, shujaa na mshairi wa nchi ya Ozi na Pate. Huyu afundisha siri ya mchezo mzima. Inasimuliwa kwamba alipochomwa sindano ya shaba kitovuni alikwenda kisimani, akapiga goti, akaweka mshale katika upinde wake, akafa hali ile. Na watu kwa siku kadhaa hawakuthubutu kuteka maji, wakidhani yu hai. Kilichowaogopesha hakikuwa nguo. Kilikuwa namna alivyokaa. Atakaye kumvaa Liongo na ajifunze kwanza kupiga goti lile.

Nimembakiza mmoja, ambaye kumvaa ni kugumu kuliko wote. Wasomali husimulia juu ya mtawala Wiil Waal, aliyewataka watu wake wamletee sehemu ya kondoo iwezayo kuwafarakanisha watu au kuwaunganisha. Matajiri walileta minofu iliyonona. Maskini mmoja, kwa shauri la binti yake, akaleta koo. Na huyo ndiye aliyepata, kwa maana tamaa ya koo hufarakanisha watu, na kushiba kwa pamoja huwaunganisha. Binti huyo hana taji, hana upanga, hana sikio refu wala upinde. Ana nguo za mtoto wa maskini na akili iliyomshinda tajiri.

Je, msomaji, utamvikaje? Utatia nini mkononi mwake, na atasimamaje mbele ya mtawala, ili watu wamtambue kabla hajasema neno? Ukilipata jibu la swali hilo utakuwa umeingia katika mchezo huu kwa mlango wake wa haki, na hutahitaji kofia ya mtu yeyote.